Bati Lisilofutika

Mwalimu Abdulrahmani wa Kiswere alikuwa na kichwa kigumu, na mimi jirani yake alinichosha. Miaka ile ya vita vya Hitla karatasi ziliadimika madukani, na chache zilizokuwa chuoni kwake zililiwa na mchwa, pamoja na msahafu wa marehemu baba yake. Hapo akaapa kwamba atatengeneza karatasi isiyotokana na mti wala jani.

Basi raha yetu ikaisha. Kutwa alipasua madebe ya mafuta ya taa, akayagonga yakawa bapa, akayapaka chokaa laini, na kabla haijakauka akaandika juu yake kwa wino wa mchele uliounguzwa. Watoto, badala ya kusomeshwa Kurani, walitumwa tanuruni kubeba chokaa. Wazazi walinuna, wakawa wanangoja sababu tu.

Sababu ililetwa na Ziada. Alikuja amembeba mwanawe anayeungua kwa homa, akaomba kombe: aya iandikwe sahanini, ioshwe kwa maji, na mtoto ayanywe maji yale. Biasha, mke wa Mwalimu, akatoa sahani. Mwalimu akaisukuma kando. Akaleta bati lake lililokwisha kukauka, lenye Ayatul Kursi, akaliinamisha juu ya bakuli na kulimiminia maji.

Maji yakashuka safi. Akasugua kwa kidole, akamimina tena. Hata nukta haikutoka.

Mtu yule akacheka! Akaliinua bati juu, machozi ya furaha yanamtoka. "Halifutiki! Biasha, njoo uone, halifutiki!"

"Mwalimu," Ziada alisema, "mwanangu anakufa, nawe wacheka?"

Hakumsikia. Alikuwa ameshaenda kuchota maji mengine.

Biasha ndiye aliyemshika Ziada mkono, akampeleka kwa mwalimu wa mtaa wa pili. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini kicheko kile hakuna aliyekisamehe, na mimi hata leo sijakisamehe. Kabla ya Ijumaa wazazi walikwisha kuwaondoa watoto wao wote chuoni.

Mwalimu akabaki barazani na mabati yake. Masika yalipokwisha alimwona Ziada akipita na mtoto, akainuka mbio na bati mkononi.

"Njoo ulitazame, binti yangu! Limenyeshewa mvua yote ile, na aya bado ipo!"

Ziada alimfunika mtoto uso kwa kanga, akapita bila kumpa hata shikamoo.