Mwaka Karimi Aliporudi Darasani

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochachuka ilitawala kijiji chetu, juu kidogo ya Nkubu, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tulichuma pamoja na wasichana wakubwa, vikapu vimefungwa kiunoni, na hapo katikati ya mibuni ndipo nilipopata elimu yangu ya uzazi. Walinong'onezana kwamba mara ya kwanza mimba haishiki. Kwamba ukinywa chai iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, umesalimika. Vidonge vya kliniki, walisema, huozesha tumbo. Dada yangu Karimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, alisikiliza kama mimi, akaamini kama mimi.

Mvua za masika zilipoanza, sketi yake ya shule ilikataa kufunga. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kijana aliyehusika alihamia kwa mjomba wake mjini Embu, akaendelea na masomo bila kuulizwa neno. Baba aliacha kula nyumbani. Mama alilia akamaliza, akanawa uso, akampeleka Karimi kliniki, nami nikawafuata na mwavuli.

"Nani alikufundisha mambo haya?" muuguzi alimuuliza Karimi.

"Wasichana wenzangu."

Muuguzi akamgeukia Mama. "Na wewe, mama?"

"Mimi mwenyewe sikufundishwa, Sista. Ningemwambia nini?"

Jumamosi iliyofuata muuguzi huyo alikuja kwetu. Mama alikuwa amewaalika wasichana wote tuliochuma nao, akawapikia mukimo wa viazi na mahindi. Tuliketi uani, tukielezwa waziwazi kuhusu hedhi, vidonge, kondomu, na kwamba msichana ana haki ya kukataa. Mmoja alipouliza kuhusu ile chai nyeusi, muuguzi alicheka hadi akashika mbavu, nasi tukacheka pamoja naye, hata Karimi, kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. Baba alikuwa zizini akikata nyasi za ng'ombe, polepole mno. Jioni hiyo alikula nyumbani.

Mtoto alizaliwa, msichana, tukamwita Mukami. Januari, Mama alimvalisha Karimi sare mpya, wakaenda shule nyingine kwenye barabara ya Embu. Mama alituhadithia mazungumzo hayo mara nyingi.

"Mwalimu, mjukuu atabaki nami. Huyu nakuletea wewe."

Mwalimu mkuu alimtazama Karimi. "Huoni haya kukaa na wenzako?"

"Naona, Mwalimu. Lakini nitakaa."

Akakaa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa wa kwanza katika shule nzima. Kwetu mvulana akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, msichana vitatu. Mama alisimama langoni akampigia Karimi vitano, akavuta pumzi, kisha akaongeza vingine vitano. Majirani waliowahi kumcheka walitoka wakaitikia. Baba alimbeba Mukami mabegani, akampitisha sokoni kote.

Leo Karimi ni daktari wa mifugo, na wazee wanaovua kofia kumsalimu ni walewale waliosema ameharibika. Juzi binti yangu wa miaka kumi na minne aliniuliza mezani, tena mbele ya baba yake, vidonge vya kuzuia mimba hufanyaje kazi. Mume wangu alisukuma kikombe chake kando ili asikie vizuri. Nikamjibu binti yangu swali lote, kwa sauti ileile ninayoombea chumvi.