Kiboko cha Mama

Kosa la mama yangu lilimpa mtu mwingine tuzo. Nimejua leo.

Binti yangu alikuwa anamsomea bibi yake kitabu cha watoto cha miaka ya sabini. Picha alichora Mama, enzi hizo anafundisha shule ya Kasokola. Jalada lina jina la mwandishi tu.

Wakafika ule ukurasa maarufu. Mwalimu anaingia darasani, nyuma yake kiboko mzima wa mtoni, kafunga tai.

"Bibi, huyu mwandishi alikuwa na akili! Kiboko shuleni!"

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Mwandishi aliandika fimbo."

Nikasoma maandishi: "Mwalimu aliingia na kiboko chake."

CHAKE, jamani. Mtu wa pwani angejua hapo hapo ni cha kuchapia. Ila huku kwetu bara hata yule wa mtoni tunasema kiboko kimetoka, kiboko kimekula mpunga.

"Mwandishi hakukasirika?" nikamuuliza Mama.

"Alikasirika sana. Mpaka watoa tuzo waliposifia kiboko chake."

Akachukua hindi lingine.

Nyie mliosoma hicho kitabu, semeni kweli: kuna anayekumbuka fimbo?