Jirani Yangu Ametia Saini Kuikataa Barabara Yake Mwenyewe

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu na la shule niliyofundisha. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu, mkazi wa Maisaka hapa Babati. Wengi wenu ni rika la wajukuu zangu. Nimekuwa nikisoma visa vyenu na kuwahukumu kimoyomoyo. Leo ni zamu yangu, wala sitajipunguzia kosa.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya na watu wakikimbilia viwanja, mimi na jirani ambaye nitamwita Mama Paskali tulipata viwanja viwili vinavyopakana, kimoja mbele, kingine nyuma. Yeye ni mkulima aliyeshuka kutoka Mbulu, na wakati ule hakujua kusoma. Aliniambia, "Mwalimu, wewe unayeijua ramani, nichagulie." Niliona kwenye ramani barabara pana iliyopangwa kupita mbele. Nikachukua cha mbele. Yeye nikampa cha nyuma, kando ya korongo, nikamwambia, "Wewe una mbuzi na kuku, barabara ya nini?" Akanishukuru, akaniletea mbaazi debe zima.

Barabara hiyo haikuchongwa, lakini miaka yote niliishi kama mtu wa barabarani. Niliacha nafasi ya fremu mbili za duka mbele ya nyumba, na kila mgeni nilimwonyesha. Mama Paskali alikatiza uani kwangu kwenda sokoni, na hata siku moja hakupita bila kubisha hodi. Mchana wa Jumapili nilimfundisha kusoma na kuandika barazani. Hakufika mbali, ila jina lake alilimudu.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Afisa mipango miji alibandika ramani ukutani, akaeleza kwamba mpango wa matumizi ya ardhi wa mji unarekebishwa. Barabara pana inahamishiwa nyuma, ifuate ukingo wa korongo, kwa sababu huko haitabomoa nyumba nyingi. Viwanja vya nyuma vitakuwa vya makazi na biashara. Mbele yangu itabaki njia ya waenda kwa miguu. Mwenye pingamizi aliandike, na pingamizi litakuwa na uzito zaidi likitiwa saini na wale wanaopakana na barabara mpya.

Nilisimama kuuliza kama hapakuwa na kosa katika uchoraji. Muuza nyama wa mtaani kwetu akapaza sauti, "Mwalimu, leo ramani imekusahihisha wewe!" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akaongeza, "Usihofu, Mwalimu. Mama Paskali atakupa njia. Wewe ubishe hodi tu."

Mama Paskali peke yake hakucheka. Aliniinamia akanong'ona, "Mwalimu, hiyo iliyohamia nyuma ndiyo inakuja kwangu?"

Nikamjibu, "Bado haijulikani."

Ilijulikana. Majirani walimweleza siku hiyohiyo, na tangu hapo sikupata amani. Kila mgeni aliyeuliza nyumba yake nilijua anatafuta fremu ya kupanga. Mwanawe alikuja kupima ukuta ili mlango mkubwa ufunguliwe upande wa korongo. Kwa maana hiyo uso wa nyumba utaiangalia barabara, na choo kitaniangalia mimi. Mama Paskali aliponiamkia "Shikamoo, Mwalimu," nilijifanya sijasikia mpaka arudie. Nilikuwa nikimtazama akianua mahindi yake, nikajiuliza Mungu ameona nini kwa mwanamke yule ambacho hakukiona kwangu niliyesoma.

Ndipo nikaandika pingamizi. Nilieleza kwamba korongo hujaa maji wakati wa masika, jambo ambalo ni kweli. Sikueleza kwamba kama barabara ingekuwa inakuja kwangu, maji hayo nisingeyataja. Majirani kumi wa upande wa mbele walitia saini. Wa nyuma hakupatikana hata mmoja.

Jumanne Mama Paskali alibisha hodi, akaiona karatasi mezani.

"Mwalimu, nasikia unaandika barua ya barabara. Mbona hukuniita? Au mimi si mtu wa hapa?"

"Ni barua ya kawaida tu," nilisema.

"Ya kuwaomba waharakishe?"

Nilikaa kimya. Nyinyi mnajua kimya cha namna hiyo kinajibu nini. Akavuta kiti, akaomba kalamu. Alipofika katikati ya jina alisita, akaniuliza, "Hapa inafuata ipi?" Nami, wasomaji wangu, nilimtajia herufi. Alipomaliza alilitazama jina lake kwa furaha, akasema, "Mungu akubariki. Mwingine angenionea wivu."

Barua bado iko kwangu. Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kuipeleka, na mwenyekiti ameniuliza mara mbili. Nikiipeleka, huenda barabara ikarudi mbele, na jina la Mama Paskali ndilo litakalokuwa limemnyima. Nikilifuta jina lake, barua haina nguvu, na majirani kumi watataka kujua limetoka wapi na kwa nini limefutwa. Nikiichana bila kusema neno, nitaendelea kuamkiwa kwa heshima na mtu niliyemwibia. Nikimweleza ukweli, nitakuwa nimempoteza mtu pekee anayefungua mlango wangu kila siku tangu nifiwe na mume.

Msinishauri nisali, nimekwisha kusali. Wala msinitukane kwa umri wangu, maana hilo naliweza mwenyewe. Niambieni mnachokiona ninyi msiokuwa na kiwanja hapa: nifanye nini na karatasi hii? Na ikiwa jibu lenu ni kwamba niende nikamwambie, basi nifundisheni mimi mwalimu, nikisimama mlangoni pake, neno la kwanza liwe lipi.