Kuku Mweusi wa Mama

Mama alipohamia kwangu, hapa nje kidogo ya mji wa Machakos, alikuja kutoka Kathiani na mkoba mmoja wa nguo na kuku watano. Kipenzi chake alikuwa mmoja mweusi, mnono, aliyetaga karibu kila siku na kuutangazia mtaa mzima kila alipomaliza.

Jumamosi moja nilimkuta amejibanza nyuma ya tangi la maji, huku nyuma yake kukining'inia kitu chekundu kama nyanya iliyopondwa. Wenzake walikuwa wanakidonoa. Mimi nilishaanza kuwaza mchuzi. Mama alimwangalia, kisha akanituma duka la dawa za mifugo.

Dukani nilikuta wazee watatu wakinunua mbegu za mahindi. Kwa adabu nikamnong'oneza muuzaji, mama wa makamo, kwamba kuku wangu ana shida ya kina mama. Yeye, kwa sauti ya kuhutubia mkutano, akauliza kama ni nyumba ya uzazi iliyotoka nje. Wazee wote wakageuka kuniangalia, kana kwamba ni yangu.

Alinieleza nimtenge kuku na wenzake, nimwoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nimnyunyizie sukari ili uvimbe unywee, kisha niurudishe ndani polepole kwa kidole chenye mafuta. Halafu akae gizani siku kadhaa ili aache kutaga. Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kununua.

"Dawa ni hicho kidole chako," akasema, akamwita aliyefuata.

Vidole vya Mama vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, kwa hivyo kazi yake ikawa kumshika kuku mapajani, kichwa amekifunika kwa leso. Mimi, mwanamume mwenye digrii, nilipiga magoti sakafuni na bakuli la sukari ya chai na mafuta ya kujipaka ya mke wangu, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa kazini. Nikaosha, nikanyunyiza, tukangoja. Kuku akaninyea mkononi. Nikaosha tena.

Uvimbe ulipopungua nikaanza kusukuma, macho nimefumba.

"Fungua macho," Mama akasema. "Huyu si bibi harusi."

Nikafungua. Yeye alikuwa anaitazama ile leso.

"Hata yangu ilitoka hivi," akasema. "Tangu nimzae dada yako."

Dada yangu ana miaka thelathini na mmoja. Kidole changu kikabaki pale kilipokuwa. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani? Baba yako hata neno matiti lilimshinda kutamka. Nikichota maji, inashuka. Nikilala, inarudi. Nikazoea."

"Na sasa?"

"Bado iko. Sukuma, usimwache huyu katikati."

Ya kuku ilitoka tena jioni ile, na tena Jumapili asubuhi, Mama akakosa kanisa. Mara ya tatu ikakaa. Kuku alimaliza wiki nzima kwenye katoni stoo, akatoka amekonda, ana hasira na kila mtu, na mwezi mzima hatukuona yai.

Mama naye alibishana nami wiki mbili kuhusu kwenda hospitali. Alisema hawezi kuvua nguo mbele ya watoto wa juzi. Siku alipokubali, daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wake. Aliponiomba nitoke, Mama akamwambia aniache, kwamba kazi hiyo naijua. Nilitolewa hata hivyo, nikakaa kwenye benchi kati ya wajawazito wawili walioniangalia kwa huruma.

Walimwekea pete ya mpira ya kuishikilia nyumba ya uzazi. Hata nusu saa haikuisha, akatoka akitembea polepole, akijisikiliza.

"Miaka yote hiyo," akasema, "kumbe ni kitu kidogo hivi."

Nilitaka kumwomba msamaha, sijui hata wa nini hasa. Lakini alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi, akiniuliza kama hapo karibu wanauza mandazi.