Kikao Nilichokivunja Getanuwas

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Mbulu nimevaa viatu vya kuazima kwa dada yangu, na mkuu wa idara hakunikaribisha kiti. Alisoma barua yangu, kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu Tlawi tuna kichanja. Nikamjibu tunacho.

"Basi kazi unaijua," akasema.

Kichanja ni ile meza ya miti ya kuanikia vyombo nje ya nyumba. Enzi zile bibi maendeleo, kama tulivyoitwa sisi maofisa wa maendeleo ya jamii, alipimwa kwa vichanja na vyoo vya kijiji chake. Nilipita nyumba kwa nyumba nikifundisha uji wa lishe na majiko yasiyokula kuni nyingi. Mdomo nilikuwa nao, sikatai. Akina mama walinicheka kwanza, halafu wakajenga. Nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, tukapata watoto wanne, na mama mkwe wangu ndiye aliyenisaidia kuwalea nilipokuwa vijijini. Mume wangu hakuwahi kuniinulia mkono. Nadhani ndiyo maana sikujua kipigo kina haraka kiasi gani.

Soko huria lilipoingia, habari za vichanja zikaisha. Sasa ikawa vikundi. Kikundi, kwa lugha ya ofisi, ni wanawake wenye katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la muhtasari, yaani maandishi ya kila kilichosemwa kikaoni. Bila muhtasari, hata mkikaa mwaka mzima hamjakaa. Nikahamishiwa Hanang, na baada ya muda mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha. Mkuu wangu mpya wa idara, mzee wa miwani asiyependa maneno mengi, aliniita.

"Mama, mkoa bado mchanga. Wakubwa wanataka kuviona vikundi, siyo kusimuliwa."

Nikapewa Getanuwas, kwenye kitongoji kimoja cha wafugaji wa Kibarabaig. Mimi ni Mwiraqw wa milimani, mtoto wa wakulima, na tangu utoto niliwasikia watu wa tambarare wakitajwa kwa hofu na dharau. Nilijiona nimesoma nikayaacha hayo. Sikuwa nimeyaacha. Nilikuwa nimeyafunika tu na kitenge cha kazi.

Nikaunda kikundi cha mashine ya kusaga. Nikapanga uzinduzi siku ya Alhamisi, mgeni rasmi akitoka mkoani. Siku tatu kabla, alinijia mama mmoja kijana aitwaye Udamasi, mtoto mchanga mgongoni, shavu limevimba. Mume wake alimpiga akiwa bado ndani ya siku zake za uzazi, na kwao hilo ni kosa kubwa.

"Wamama watakaa Alhamisi," aliniambia. "Watamwita."

"Vizuri," nikasema. Halafu nikamuuliza kama anajua kuimba, maana kwaya yangu ya uzinduzi ilikuwa pungufu. Nikikumbuka swali hilo natamani ardhi ipasuke.

Sikuuliza hicho kikao ni kikao gani. Leo najua. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke, hukusanyika toka mbali, wakakaa, wakamwita. Yeye husimama pembeni ajibu. Wakimwona na hatia wanamtoza faini ya dume jeusi la ng'ombe, na hata wazee wa kiume huogopa kuwapinga. Mimi, msomi wa haki za wanawake mwenye cheti, nilikuwa nimepelekwa kuwafundisha kukaa kikao watu waliokuwa wakikaa tangu bibi wa bibi zao.

Alhamisi ikafika. Uwanja wa shule ulikuwa na turubai, viti vya kanisa na wanaume. Wanawake hakuna. Nikaambiwa wako mtelemkoni, ng'ambo ya korongo. Nikaenda mbio, viatu mkononi. Nikawakuta wamejaa, wamekaa wametulia, fimbo zao magotini, na bibi kiongozi wao akizungumza taratibu. Pembeni alisimama mume wa Udamasi, kichwa chini. Yule mtu alikuwa anaogopa. Nilimwona kwa macho yangu.

"Mama Maendeleo, karibu ukae," yule bibi akasema.

"Shikamoo bibi. Siwezi kukaa. Mgeni amekaribia, naomba wote mje uwanjani."

"Tukimaliza tutakuja."

"Hamtamaliza leo!"

"Hata kesho. Neno hili haliachwi katikati."

Nilisikia honi ya gari barabarani. Nikapaza sauti, nikasema neno ambalo hakuna mtu aliyenituma kulisema.

"Serikali imekataza mikutano isiyo na kibali. Atakayebaki hapa atajieleza wilayani."

Hapakuwa na amri kama hiyo. Niliitunga palepale, kwa sababu ya viti vitupu. Wakatazamana. Wengi wao Kiswahili kiliwapiga chenga, lakini neno serikali walilijua. Wakainuka mmoja mmoja. Udamasi aliinuka wa mwisho, na alikuwa ananitazama mimi, siyo mume wake. Mume wake tayari alikuwa ameinua kichwa.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi alicheza ngoma, na mimi nikapata barua ya pongezi. Usiku wa Jumapili Udamasi alipigwa tena, akapelekwa zahanati kwa mkokoteni wa punda. Niliambiwa Jumatatu. Kwenye ripoti nikaandika kwamba mwitikio wa akina mama ulikuwa mkubwa. Sikwenda hata kumjulia hali. Niliona haya, na haya yangu niliyaita kazi nyingi.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule bibi kiongozi mnadani Balangdalalu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia wazi, mbele ya watu: "Tulijaribu kukaa tena. Wanaume wakasema Mama Maendeleo amekataza, serikali itawafunga. Kila tukiinuka, wanalitaja jina lako."

Ningeweza kurudi siku hiyohiyo na kusema nilidanganya. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Lakini ningeumbuka, na kazi pengine ningeipoteza. Nikaomba uhamisho, nikarudi Mbulu, nikafanya kazi mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga walinivika mgolole, wakaniita mama wa wanawake wote. Watoto wangu walilia kwa furaha, mimi nikalia kwa sababu nyingine.

Nyie vijana mnaoanza kazi hii mnakuja kwangu kuomba mawaidha. Ninayo machache. Kabla hujawaambia watu wakusanyike, uliza kama hawajakusanyika tayari. Na usiseme serikali imesema kama haijasema, maana wewe utahama, na neno lako litabaki pale likiwatesa watu.

Baada ya kustaafu nilinunua dume jeusi, nikaenda nalo Getanuwas. Yule bibi alikuwa ameshafariki. Nilimkuta Udamasi nyumbani kwake, mjane sasa, na wajukuu. Nikamweleza yote, kwamba amri ile niliitunga mwenyewe. Nikamwomba anishitaki barazani, nisimame pembeni kama alivyosimama mume wake, nitozwe.

Akasema bila hasira:

"Nikushitaki wapi, Mama Maendeleo? Hapa kwetu kile kikao hakikai tena. Walioyajua maneno yake wamekufa, na sisi hatukuwahi kuyajifunza."

Dume likabaki limefungwa nje. Sikujua nilipeleke kwa nani. Udamasi akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akaniletea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani na vidole havifunguki. Haukuwahi kunyooka tangu ile Jumapili.

"Unisamehe mama," akaniambia, "nakupa kwa kushoto."