Vichwa Kumi na Sita vya Mwenyekiti

Mpwa wangu Advera ndiye fundi wa kompyuta katika ushirika wetu wa asali, hapa Ipuli. Akili karithi kwangu. Mimi shule niliacha darasa la sita kwa hiari, mwalimu alikuwa ananichelewesha. Adabu karithi kwa mama yake, na adabu hiyo nusura imkoseshe kazi.

Ndani ya mtambo mmoja mkubwa, Advera katengeneza kompyuta pepe tatu: ya ghala, ya mizani na ya mwenyekiti. Huzioni kwa macho, lakini kila moja lazima igawiwe prosesa, yaani vichwa vya kufikiria. Mtambo mzima una kumi na mbili.

Ijumaa mwenyekiti, mzee Lugembe, akagundua kwamba kompyuta yake ina vichwa vinne, sawa na ya ghala.

"Mimi na madumu ya asali tuko sawa?" akafoka. "Nipe kumi na sita!"

Advera akapiga goti kidogo. "Sawa, baba." Akaandika kumi na sita.

Jumatatu tulikaa wajumbe kuamua kama aajiriwe, maana miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa imeisha. Kompyuta ya mwenyekiti, yenye taarifa zote za kikao, ikagoma kuwaka.

"Binti kazi haiwezi," akasema katibu, Shilinde.

Mzee Lugembe akavua kofia, akaichunguza.

Nikamnong'oneza Advera, "Mtaje, mama! Au nimtaje mimi? Mdomo unaniwasha."

"Mjomba, tulia." Akasimama. "Baba, samahani. Ijumaa uliomba prosesa kumi na sita. Mtambo una kumi na mbili tu, hauwezi kuwasha kompyuta inayodai zaidi ya hizo. Nilijua, nikaona haya kukuambia. Kosa ni langu."

Akazirudisha ziwe nne, akawasha. Ikaamka.

Mzee akainama karibu naye. "Basi niongezee japo moja. Watu wanatazama."

"Hapana, baba."

Nikafumba macho. Tangu azaliwe sijamsikia akimkatalia mtu mzima, hata mimi ninayestahili.

Mzee akavaa kofia. "Shilinde, andika ameajiriwa. Humu ndani wengine wote mnaniitikia tu."

Nikapiga makofi peke yangu, mpaka nikaambiwa nikae.