Neno la Mtunza Saa

Watu wa mji wa Pellam hubishana zaidi wakati hakuna mechi. Ukifika mwezi wa nne, msimu wa mpira wa kikapu umekwisha na mwingine bado uko mbali, na meza ya karibu na jiko katika mgahawa wa Dotson hujaa kabla jua halijauvuka mlima. Wanaoketi hapo huwa na hoja moja: timu ya Chuo cha Ransdell, inayoitwa Wachimbaji, itamsajili nani.

Hobert Combs, mchimba makaa mstaafu mwenye mapafu mabovu na sauti isiyo na habari na mapafu hayo, siku zote alikuwa upande wa matumaini. Clell Noble, msambaza barua, alikuwa upande wa matanga.

"Mrefu wetu kaondoka," Clell alisema asubuhi moja, akivunja mkate wake juu ya mchuzi mweupe wa soseji. "Mgawa mipira kaondoka. Tumebaki na wanakwaya."

"Wewe hata tukibeba ubingwa utasema kombe lina kutu."

"Kombe lipi, ndugu yangu? Mara ya mwisho nililiona nikiwa na nywele."

"Kocha ana mpango."

"Mpango wanao, ila wachezaji hawana."

Hobert aliinua kidole. "Umesema 'hawana'. Kahawa ya meza nzima, bwana posta."

Clell aliguna, akampungia mhudumu mkono. Hiyo ndiyo sheria ya meza ile, na ndiyo sheria ya Pellam yote. Ransdell ni "sisi". Hakuna hata mmoja pale aliyesoma chuoni hapo. Hobert aliiacha shule kabla hajaota ndevu. Lakini ni sisi tulioshinda, sisi tulioonewa na mwamuzi, sisi tunaohitaji mgawa mipira. Anayeteleza akaisema timu kama ya watu wengine hulipia kahawa. Watoto wa mji hujifunza sheria hii mapema kama wanavyojifunza kutoingia kanisani na kofia.

Mwanamke pekee kwenye meza hiyo, na mwenye maneno machache kuliko wote, alikuwa Nelda Stidham. Mchana aliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la wakulima. Jioni za majira ya baridi alitunza saa ya uwanja wa ndani wa shule ya sekondari. Mtunza saa huketi kati ya mabenchi mawili, kidole juu ya kitufe, na haruhusiwi kushangilia. Nelda aliifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyekundu.

Heshima yake ilitokana na usiku mmoja wa fainali ya wilaya. Mtoto wa Hobert alirusha mpira wa mwisho, ukaingia, na Pellam nzima ikamwagika uwanjani. Mwamuzi akapenya katikati ya kelele, akamwinamia Nelda na kumuuliza kama king'ora cha kumaliza mechi kililia mpira ukiwa bado mkononi. Nelda akajibu kwamba ulikuwa bado mkononi. Pointi zikafutwa, Pellam ikapoteza kombe. Gari lake lilipigwa mayai, na Hobert hakumsalimu majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka, alikuja kwa Dotson, akavuta kiti karibu naye, akamwomba amsogezee chumvi. Tangu hapo, jambo likibishaniwa hadi watu wakachoka, mtu husema: "Muulizeni Nelda." Akisema hajui, mjadala unafungwa. Akisema anajua, unafungwa vilevile.

Wiki hiyo kulikuwa na jina moja kwenye kila mdomo. Corbin Amburgey, mtoto wa Pellam, aliyekuwa amechezea chuo cha mbali kaskazini kwa misimu miwili, alikuwa ameingia kwenye soko la usajili, anatafuta chuo kingine. Alikuwa mgawa mipira, na Ransdell ilikuwa inamtaka. Chuo cha Marbury kilikuwa kinamtaka pia, na Marbury ndio mahasimu wa Ransdell tangu enzi ambazo wazee wenyewe walisimuliwa.

"Atarudi," Hobert alisema. "Damu ni damu."

"Damu haina dau," Clell alijibu. "Siku hizi mchezaji analipwa. Mjomba wake Randall ndiye anamsimamia, na Randall angemuuza hata mbwa wake kama angepata wa kumnunua."

Wote wawili walimgeukia Nelda, kwa sababu walijua. Corbin alipokuwa mdogo na nyumbani kwao hakukaliki, Nelda ndiye aliyekuwa na ufunguo wa uwanja. Kila Jumapili baada ya ibada alimfungulia. Mtoto alirusha mipira, Nelda aliketi kwenye kiti chake na kusoma gazeti, na baadaye walikula pamoja sandwichi za soseji ya bolonya bila kusemezana sana. Nelda hakujaliwa mtoto. Hakuwahi kusema kwamba huyu alikuwa wake, lakini kijana alipoondoka kwenda kaskazini, Nelda alikaa na gazeti lake kwenye uwanja mtupu Jumapili kadhaa kabla ya kuacha.

"Sijui," aliwaambia.

Jumapili iliyofuata simu yake iliita. Alikuwa Corbin, yupo mjini, anaomba kufunguliwa uwanja. Nelda alimkuta mlangoni, mrefu kuliko alivyomkumbuka, amebeba mpira kwapani.

Alirusha kwa muda mrefu. Sauti ya wavu ilikuwa ileile. Kisha akaja akaketi karibu naye, akajifuta jasho kwa fulana.

"Bi Nelda, nakwambia wewe kwanza. Narudi nyumbani."

Nelda alikunja gazeti polepole, ili mikono iwe na kazi. "Umeshamwambia kocha?"

"Mambo ya karatasi anayo mjomba. Lakini wewe nimeona ujue."

"Sitamwambia mtu."

"Ah, wale wazee wa mezani si unaweza kuwaambia. Watakufa kwa presha bure." Alicheka, na Nelda akacheka naye. "Mwaka huu mtatisha, Bi Nelda. Nakwambia mtatisha kweli."

Kesho yake alikaa na habari hiyo kifuani wakati Clell akizika timu na Hobert akiifufua. Hakuwa mtu wa kupeleka maneno. Lakini ruhusa alikuwa nayo, na kulikuwa na jambo jingine ambalo hangelikiri: alitaka ijulikane kwamba mtoto alimwambia yeye kwanza.

"Anakuja," alisema.

Uma wa Clell ulisimama njiani. "Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Jana, uwanjani."

Hobert alivua kofia, akaiweka kifuani kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa. Clell, ambaye hajawahi kuamini habari njema bila ushahidi wa maandishi, alitazama usoni mwa Nelda, kisha akaendelea kula. "Basi tumepata mgawa mipira," alisema. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha.

Habari ilitoka na barua za Clell, mlango kwa mlango. Mchana, msikilizaji mmoja aliipigia redio ya michezo na kusema Amburgey anarudi nyumbani. Mtangazaji akauliza chanzo ni nani, naye akajibu: "Imetoka kwa mtunza saa wa Pellam." Mtangazaji, mwenyeji wa wilaya ya jirani, akasema kwamba kama ni yule mama, yeye hana swali.

Ijumaa Corbin alitangaza uamuzi wake, na Dotson aliwasha televisheni kubwa. Watu walisimama mpaka mlangoni. Mtu alileta keki yenye rangi za Ransdell. Nelda alipewa kiti cha mbele, ingawa hakukiomba.

Kwenye kioo alionekana Corbin ameketi nyuma ya meza, mjomba Randall pembeni yake, na mbele yao kofia za vyuo zimepangwa, kama ilivyo desturi: mchezaji hushukuru Mungu na mama yake, kisha huchukua kofia moja na kuivaa. Corbin alimshukuru Mungu. Alimshukuru mama yake. Mkono wake ulielea juu ya kofia ya Ransdell, na mgahawa mzima ukavuta pumzi. Mkono ukapita. Akachukua ya Marbury, akaivaa, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Mtu wa nyuma alicheka kicheko kifupi, kile cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Dotson alizima televisheni. Watu walianza kutoka, na waliompita Nelda walimgusa bega kama wanavyomgusa mfiwa, isipokuwa wachache ambao hawakumgusa.

"Labda kabadili mawazo," Hobert alisema.

"Labda," alisema Nelda.

Alisubiri mpaka Jumatatu, kisha akaendesha gari hadi nyumbani kwa Randall, kule bondeni. Corbin alikuwa kibarazani amenyoosha miguu. Alipomwona alisimama, akavua kofia; adabu alikuwa nayo bado.

"Karibu, Bi Nelda. Najua umekasirika."

"Sijaja kukasirika. Nimekuja kuuliza. Ulibadili mawazo lini?"

Corbin alimtazama mjomba wake kupitia dirisha, kisha akatazama chini.

"Hukubadili," Nelda alisema.

"Marbury walikuwa wanavuta miguu juu ya dau," Corbin alisema kwa sauti ya chini. "Mjomba alisema lazima waamini kwamba Ransdell wameshanichukua. Akisema yeye, nani atamwamini? Nikisema mimi, watasema napandisha dau. Lakini wewe, Bi Nelda, wewe ukisema kitu..." Alishindwa kumalizia, au aliona hakuna haja.

"Kwa hiyo ukanidanganya."

"Sikukudanganya." Alilisema haraka, kama mtu aliyekuwa ameliandaa. "Nilisema narudi nyumbani. Si nipo? Nitakaa hapa mpaka chuo kifunguliwe. Na nilisema mtatisha. Sikusema tutatisha. Nilijua ningesema 'tutatisha' ningekuwa nimekudanganya, na sikutaka kukudanganya wewe."

Nelda alishika nguzo ya kibaraza. Aliyasikia tena maneno yale, na ile silabi moja ndani yake, ambayo mtoto yeyote wa Pellam angeikamata na kudai kahawa. Clell angeikamata akiwa usingizini. Yeye, aliyesikiliza king'ora maisha yake yote, hakuisikia, kwa sababu alikuwa akimtazama mtoto akicheka.

Kitu kilichomuuma zaidi hakikuwa uongo. Angekuwa amedanganywa na kijana mwenye haraka, angesamehe kabla hajafika kwenye gari. Huyu alikuwa amekaa akachagua maneno. Alikuwa ameichukua sheria ya nyumbani kwao na kuitumia kujisafisha, kisha akampelekea yeye maneno hayo, kwa sababu alijua ni nani asiyemshuku.

"Bi Nelda," Corbin alisema, "Jumapili utanifungulia uwanja? Nahitaji sehemu ya mazoezi."

Nelda alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kwake yeye mambo mawili hayo hayakuhusiana.

"Kamwombe mwalimu wa michezo," Nelda alisema. "Akikuruhusu, atakufungulia mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Dotson kama kawaida. Alifikiri kutokwenda, lakini aliona kwamba akikosa siku moja atakosa na ya pili. Hobert alimvutia kiti. Kahawa ililetwa. Akawaeleza yote bila kujipendelea: alivyoambiwa, ruhusa aliyopewa, silabi aliyoipita, na maneno ya kibarazani. Alipomaliza, Hobert alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Mtoto mwerevu," alisema hatimaye. "Mungu amsamehe, mtoto mwerevu."

Clell alikuwa akizungusha kijiko ndani ya kikombe kisicho na sukari. Alikohoa.

"Dada, usinielewe vibaya. Watu njiani wananiuliza, nami sina la kuwajibu." Hakuinua macho. "Randall alikupa chochote?"

Mgahawa ulikuwa na kelele zake za kila siku, sahani zikigongana na soseji zikikaangwa. Nelda hakumtazama Clell. Alimtazama Hobert, akingoja aseme anachosema siku zote Clell akivuka mpaka: acha upuuzi wako, bwana posta. Hobert alikuwa ameinamia sahani yake. Alikuwa akikata mkate vipande vidogo, vidogo mno kwa mtu mwenye njaa, na sikio lake lilikuwa limeelekea upande wa Nelda. Naye alikuwa akingoja jibu.

"Hapana," Nelda alisema.

"Basi," alisema Clell. "Nilikuwa nauliza tu."

"Anauliza tu," Hobert alidakia, haraka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Umeshajua alivyo huyu."

Kisha Clell alisema kuna kijana kutoka Tennessee, anayetumia mkono wa kushoto, ambaye bado hajasajiliwa popote, na Hobert akasema amemwona kwenye simu, ana miguu ya kuku lakini anaona pasi kabla haijazaliwa. Wakabishana kama tutamweza kwa dau. Hakuna aliyesema Nelda aulizwe.

Chakula chake kilikuwa kimepoa na mchuzi umeganda juu. Alikila chote, taratibu, mpaka sahani ikawa tupu, kwa kuwa kama angeondoka mapema wangeliona hilo kuwa jibu jingine kwa swali la Clell.